Mkono Uliobaki

Kibanda changu kiko Kadutu, ngazi za udongo zinapokata kona.
Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili.
Humu nachaji simu za mtaa, franka mia mbili kwa moja,
na kwa mashine ndogo inayokohoa wino
natoa picha: za pasipoti, za kadi, za matanga.

Usiku wa Jumanne mlima ulijivua ngozi.
Nyumba saba zilishuka bila kuaga.
Alhamisi akafika Mheshimiwa na magunia ya unga,
kijana wa kamera mbele, kijana wa mwavuli nyuma.
Ijumaa picha ilikuwa ndani ya kila simu niliyoichomeka:
"Niko pamoja na watu wangu. Mungu awafariji."
Kisha vikatuni vya machozi, vinne, na bendera.

Tukamkalia kikao.
Cirhuza, fundi viatu, aliikuza picha kwa vidole viwili:
"Tazameni miguu! Amevisha viatu mifuko ya nailoni."
Mwalimu Byamungu akauliza kama wafiwa waliombwa ruhusa,
akajijibu mwenyewe, kwa kirefu, kama darasani.
Mimi nilihesabu magunia. Kumi pichani.
Saba ndiyo yaliyobaki gari lilipoondoka.

Nikaandika chini yake, kwa herufi kubwa,
kidole kikitetemeka kwa raha,
naam, raha, mbona nifiche:
MAITI SI BANGO LA KURA.
Kabla ya saa sita watu mia nne walikuwa wameyapenda maneno yangu,
hata wa Goma, hata wa Uvira, hata mmoja aliye Ubelgiji.
Nilikuwa na haki. Hata leo ninayo.
Lakini ile haki ilinipanda kichwani kama kasiksi ya ndizi,
nikarudi nyumbani nikiimba.

Jumapili, baada ya misa, Mheshimiwa akaifuta.
Cirhuza alinunua soda tatu.

Jumatatu akaja Mama Ashuza.
Simu yake ni ya vitufe, haina kioo cha kuoneshea kitu,
na siku hiyo hakuitoa ichajiwe.
Alisimama nje ya kizingiti, kandambili zimeshika tope.
"Ungali nayo ile foto?"
Foto gani, mama?
"Ya ule mukubwa. Mutoto wangu anaonekana mule.
Sina ingine."

Miaka minne, na hakuna aliyewahi kumpiga picha.
Siku kamera ilipomtazama
yeye alikuwa amekwisha kufumba macho.

Nilikuwa nayo. Niliitunza kama ushahidi,
katikati ya vichekesho na matokeo ya mpira.
"Utoe huyu," akasema, kidole chake kwenye suti.
Nikaitoa suti. Nikautoa mwavuli na kijana wake,
saa ya dhahabu, gari, magunia, yote kumi.
Nikamtoa na yeye mwenyewe, uso na tabasamu lake la msiba.
Ukabaki mkono
juu ya paji la uso la Ashuza,
vidole vinne vimefika hadi kwenye nyusi.
Nikiukata, mama, namkata na mtoto.

Alitazama kwa muda mrefu.
Jenereta ya jirani ilizimika, ikawashwa tena.
"Uache.
Nitasema ni mukono wa mujomba wake."

Mashine ilikohoa mara tatu.
Sikupokea pesa. Alizifunga tena kwenye ncha ya kitenge,
akaiweka picha kifuani, upande wa uso ndani.
Sikumwambia niliandika nini chini yake.
Yalifutika pamoja, maneno yangu na picha ya mtu yule,
na kwa kitambo, nikimtazama akipanda zile ngazi,
nilishukuru.

"Jaji!" Cirhuza ananiita kutoka ng'ambo ya mtaro.
Kuna picha mpya. Safari hii ni mchungaji, na yatima watano.
"Jaji, njoo uone!"
Nakuja, namjibu, ngoja ninawe.
Wino wa kahawia wa ule mkono
haujanitoka kwenye vidole.